Hoteli za Pwani wakati wa korona: kodi ilishushwa, jengo likapata mkopo, mfanyakazi akapata barua

Nataka kuongea kuhusu kisa kimoja tu, hoteli za Pwani ya Kenya kuanzia Machi 2020 mpaka pale wageni walipoanza kurudi, kwa sababu naona tukiongea sera za ajira kwa jumla jumla watu wanapotelea kwenye mabilioni na mwisho wa siku hakuna anayeweza kusema nani hasa alisaidiwa. Pwani inaonyesha vizuri. Huku hoteli ikifunga geti haifungi peke yake, inafunga na muuza madafu wa ufuoni, na dereva wa tuktuk, na mama anayeleta mchicha na ndizi kutoka Kwale, na dobi, na mchonga vinyago wa Akamba, na zile nyumba za kupanga za Kisauni, Mtwapa na Ukunda ambazo nusu ya wapangaji ni wapishi, mawaita na watu wa kutandika vitanda.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usome ukijua nasimama wapi. Serikali haikukaa tu, ilifanya mambo na mengine yalikuwa ya haraka kuliko nilivyotarajia. Lakini karibu kila ilichofanya kilimfikia mtu ambaye bado ana mshahara, au mwenye jengo, au kijana wa mtaani wa kufagia mitaro. Yule aliyekuwa na kazi halali, anakatwa kila mwezi, halafu akapoteza mshahara kwa siku moja, hakuwa na mlango wa kubisha. Na mpaka leo mlango huo haujajengwa, pamoja na makato yote mapya tuliyoongezewa tangu hapo.

Turudi mwanzo kidogo. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili ikaingia na marufuku ya kutoka na kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi, treni ya abiria ya Nairobi–Mombasa nayo ikasimama. Yaani ndani ya wiki chache hoteli ya Diani haikuwa na Mjerumani, haikuwa na Muitaliano, haikuwa na semina ya watu wa Nairobi, haikuwa hata na harusi ya Mombasa mjini. Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale wa Mombasa kufungwa kabisa. Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti lakini kurudi kwa ndege sio kurudi kwa wageni. Mwaka 2019 wageni wa kimataifa walikuwa kama milioni 2, mwaka 2020 hesabu ya Shirika la Takwimu la KNBS ikashuka mpaka kama 580,000, na wengi kati ya hao walikuwa wameingia kabla ya Machi kuisha.

KNBS hao hao walisema mwaka 2020 Kenya ilipoteza ajira 737,500, na kati ya hizo 187,300 zilikuwa za sekta rasmi. Hiyo ya pili ndio naishikilia kwenye kisa hiki, maana hawa ndio watu wenye mkataba, wenye namba ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, wenye slipu ya mshahara. Ndio tunaoambiwa kila siku kwamba kazi rasmi ni kinga.

Sasa ile barua. Wengi wa hoteli walioipata wanaijua, inafanana kila mahali, ukurasa mmoja. Inaanza na masikitiko kuhusu hali ya dunia, inasema biashara imesimama, halafu inakuambia uende kwanza umalize siku zako za likizo ya mwaka, zikiisha uingie likizo bila malipo kuanzia tarehe fulani mpaka hali itakapotengemaa. Tarehe ya kuondoka ipo, tarehe ya kurudi haipo. Chini kuna mstari wa kuweka sahihi kwamba umesoma na umekubali. Ukishaweka sahihi unarudisha sare na kadi ya geti, unaenda nyumbani. Hujafutwa. Hujapunguzwa. Lakini pia hulipwi, na huwezi kwenda popote kusema umepoteza kazi, maana kwa karatasi bado ni mwajiriwa.

Hapa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 haina kitu kinachoitwa likizo bila malipo ambayo bosi anaweza kukupa kwa amri. Kubadilisha masharti ya mkataba, mshahara ukiwemo, kunahitaji kushauriana na mfanyakazi na kuandikiana. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imeshasema zaidi ya mara moja kwamba likizo ya namna hiyo lazima iwe ya kukubaliana. Serikali, waajiri kupitia shirikisho lao la FKE, na COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, nao walikaa 2020 wakasaini maelewano ya pande tatu, roho yake ikiwa watu wazungumze, kufuta kazi kuwe njia ya mwisho kabisa. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini fikiria mwenyewe huyo rumu stuwadi amesimama mbele ya meza Aprili 2020, hoteli tupu, mwenzake ameshasaini, kafyu inaanza saa moja na lazima apate matatu ya kurudi Mtwapa. Hayo ni makubaliano gani? Mimi siwezi kuyaita makubaliano huru, na naamini yeyote aliyewahi kuwa na bosi anaelewa.

Njia halali ilikuwepo, kifungu cha 40, kupunguza wafanyakazi. Bosi anatoa notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, anaeleza sababu na ukubwa wa zoezi, anachagua watu kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu, anakulipa siku za likizo ulizobakiza, anakupa notisi ya mwezi au pesa yake, halafu anakulipa angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza. Piga hesabu ya mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi aliyefanya kazi miaka 9. Siku 15 ni kama 10,000, mara 9 ni 90,000, ongeza notisi 20,000, ni 110,000 kabla ya siku za likizo. Hiyo ni kodi ya nyumba na chakula cha miezi kadhaa, au ni mtaji wa genge na friji. Lakini ile barua ya likizo bila malipo ilimfanya asipate hata senti moja ya hizo, kwa sababu hajapunguzwa.

Na nisiwe mtu wa upande mmoja. Mwenye hoteli naye alikuwa hana kitu. Hoteli ya vyumba 150 ikikosa mgeni hata mmoja bado inalipa walinzi, umeme wa friji, dawa ya swimingi puli, loni ya benki, leseni. Ukimwambia alipe 110,000 mara wafanyakazi 200 ni milioni 22, na azilipe ndani ya mwezi ambao mapato ni sifuri. Kuna waliokuwa wajanja, walioitumia korona kusafisha orodha ya wafanyakazi wa zamani wenye mishahara mizuri, hao sina huruma nao. Lakini wengi hawakuwa nazo kweli. Mei 2020 hata Norfolk ya Nairobi, hoteli iliyokuwepo tangu 1904, wenye kuiendesha walitangaza kuwaachisha wafanyakazi wote kwa sababu hawakujua janga litaisha lini. Kama hoteli ya jina hilo imefika hapo, ile ndogo ya Shanzu yenye vyumba 40 ingefanyaje?

Kwa hiyo shida yenyewe iko hapa, na naomba usiipite haraka: sheria yetu inaweka mzigo wote wa mtu kupoteza kazi juu ya mwajiri mmoja, na inauweka siku ile ile mwajiri huyo ameanguka. Siku za kawaida inafanya kazi, kiwanda kimoja kinafunga, kinauza mashine, kinalipa watu. Sekta nzima ikianguka siku moja, haki ipo kwenye kitabu lakini hakuna mfuko wa kuilipa.

Sasa tuone serikali iliweka pesa wapi.

Kwanza kodi. Aprili 2020 sheria ilipita haraka: VAT kutoka asilimia 16 mpaka 14, kodi ya makampuni kutoka 30 mpaka 25, kiwango cha juu cha PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kutoka 30 mpaka 25, kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka 3 mpaka 1, na anayelipwa mpaka 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mapato kabisa. Hili la mwisho lilisifiwa sana na lilistahili kusifiwa. Yule wa 20,000 alikuwa anakatwa PAYE ya karibu 950 kwa mwezi, sasa anabaki nayo. Lakini anabaki nayo kama analipwa! Aliye nyumbani na barua yake, asilimia sifuri ya sifuri ni sifuri. Kodi ya kampuni pia hivyo hivyo, kampuni isiyo na faida haina kodi ya kupunguziwa. Aliyefaidi zaidi ni yule ambaye janga halikumgusa, mwenye mshahara mkubwa na kazi ya kufanyia nyumbani kwa laptopu, na kampuni zilizoendelea kuuza. Januari 2021 viwango vikubwa vikarudi vilivyokuwa, ile nafuu ya watu wa 24,000 ikabaki, na hoteli nyingi za Pwani bado zilikuwa hazijafungua mabawa yote.

Pili ni kile kifurushi cha Mei 2020, shilingi bilioni 53.7, mambo manane. Kulikuwa na pesa za barabara na madaraja ya vibarua, walimu 10,000 wa kuajiriwa, pembejeo, bilioni 10 za kurudisha VAT na kulipa madeni ambayo serikali yenyewe inadaiwa na wafanyabiashara. Hii ya madeni niseme wazi naikubali sana, maana mtu aliyesambaza bidhaa serikalini halafu hajalipwa miaka hawezi kulipa mishahara, na kumlipa deni lake sio msaada, ni haki yake, ilitakiwa iwe kubwa zaidi. Upande wa utalii ilitengwa bilioni 2 za mikopo nafuu kwa hoteli kupitia Tourism Finance Corporation, shirika la serikali la kukopesha sekta ya utalii, kwa ajili ya kukarabati majengo na kujipanga upya. Bilioni 1 ya kuajiri maskauti 5,500 wa jamii chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Bilioni 1 nyingine kwa hifadhi 160 za jamii.

Soma tena hizo za utalii polepole. Jengo limekumbukwa. Mnyama amekumbukwa, na ni sawa akumbukwe, ujangili ungeongezeka. Mpishi hayupo. Waita hayupo. Hakuna hata mstari mmoja uliosema hoteli ikibaki na watu wake kwenye orodha, serikali italipa kiasi fulani cha mshahara kwa miezi mitatu. Hata ule mkopo nafuu, kwa ninavyojua mimi, haukufungwa na sharti kwamba ukikopa usifute watu. Hapo ndipo naona kosa kubwa kuliko yote kwenye kisa hiki, kwa sababu sharti hilo lisingegharimu hazina senti moja. Unampa mtu pesa ya umma ya riba nafuu wakati watu wake wako nyumbani bila mshahara, unawezaje kukosa kumuuliza watu wako watarudi lini na kwa mkataba gani?

Tatu ni Kazi Mtaani. Ilianza mwishoni mwa Aprili 2020 kwenye mitaa ya mabanda ya kaunti nane, Mombasa, Kilifi na Kwale zikiwemo, halafu Julai ikapanuliwa nchi nzima ikachukua vijana zaidi ya 270,000, kusafisha mitaro, kufyeka, kufungua barabara za mitaani. Malipo baada ya kupanuliwa yalikuwa shilingi 455 kwa siku, kwa simu. Imesemwa vibaya sana, lakini niliona mitaro ya Mombasa iliyokuwa imeziba miaka mingi ikazibuka, na niliona vijana wakinunua unga siku ya malipo. Iliwasaidia watu. Lakini 455 kwa siku Mombasa ilikuwa chini ya mshahara wa chini wa kibarua wa siku ambao serikali yenyewe imeutangaza kwa miji mikubwa, uliokuwa umepita 600. Na ilikuwa kwa zamu, aliyepata zamu ya siku 11 kwa mwezi alibeba 5,005. Ni msaada wa dharura, usiuite ajira, na usimwambie mpishi wa miaka 45 mwenye watoto wawili sekondari kwamba hiyo ndio nafasi yake, maana ilikuwa ya vijana, na alikuwa hata hahesabiki kama hana kazi. Zile pesa za kila wiki za shilingi 1,000 kwa kaya maskini nazo zilitafuta wale ambao tayari wanajulikana kwa unyonge, na mtu wa hoteli mwezi uliopita alikuwa analipwa, nani amweke kwenye orodha?

Biashara ndogo nazo zina hadithi yao, nitaipita haraka. Serikali ilisimamisha kwa muda kuwaorodhesha CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, watu ambao mikopo yao iliharibika kwa sababu ya janga, ikaweka bilioni 3 za kuanzisha mpango wa dhamana ya mikopo, uliozinduliwa Desemba 2020 na benki saba. Dhamana yenyewe ilikuwa asilimia 25. Yaani benki ikimkopesha mama wa mboga wa Kwale ambaye mteja wake mkubwa ni hoteli iliyofungwa, robo tatu ya hasara bado ni ya benki. Benki gani itasaini hapo? Na miezi tisa ilikuwa imepita tangu Machi, mtaji ulishaliwa zamani. Halafu Novemba 2022, serikali nyingine imeshaingia, ukaja Mfuko wa Hustler, mikopo ya kuanzia 500 mpaka 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko zile apu za mikopo zilizokuwa zikiwapigia simu mashangazi zako wote, hilo siwezi kukataa. Lakini mtu aliyepoteza mshahara ukimpa deni la 500 hujamrudishia mshahara.

Sasa kuna wenzetu walifanya tofauti, na sitaki tuende Ulaya ambako serikali zililipa mpaka asilimia 80 ya mshahara, maana mtu ataniambia wale wana pesa. Botswana, Aprili mpaka Juni 2020, serikali ililipa nusu ya mshahara wa wafanyakazi wa biashara zilizoathirika, kati ya pula 1,000 na 2,500 kwa mwezi, na sharti likawa usifute watu. Afrika Kusini walikuwa na mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, UIF, mfanyakazi anachangia asilimia 1 na bosi asilimia 1, upo miaka na miaka. Janga lilipofika hawakuanza kutafuta mfuko, walitumia ule ule uliokuwepo kulipa watu ambao kampuni zao zimefungwa, kati ya randi 3,500 na kama 6,700 kwa mwezi. Kulikuwa na ucheleweshaji na kulikuwa na wizi, mkaguzi wao mkuu aliyasema wazi. Lakini pesa ilitoka na ilijua inaenda kwa nani, kwa sababu majina yalikuwa tayari kwenye mfumo.

Hata jirani hapo Tanzania. Mabadiliko ya mifuko ya jamii ya 2018 yaliondoa fao la kujitoa, watu wakalalamika sana, lakini yakaweka fao la upotevu wa ajira. Ukiachishwa kazi na ulikuwa umechangia angalau miezi 18, unalipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Sio nyingi. Ukijiuzulu mwenyewe hupati. Ila ni kitu kimeandikwa, kina fomu, kina dirisha. Mtu wa hoteli Zanzibar ana mfuko wake mwingine na mambo yake mengine, siyaingii hapa, lakini aliyeachishwa Arusha alikuwa na pa kuanzia. Mwenzake wa Diani mwenye slipu ya mshahara miaka 15 hakuwa napo.

Turudi kwa ile barua kwa sababu ilikuwa na mkia. Katikati ya Machi 2020 mahakama zilipunguza shughuli, kesi mpya zikabanwa mpaka mambo ya mtandao yalipokaa sawa. Ofisi za leba kwenye kaunti zina maafisa wachache hata siku za kawaida. Wafanyakazi wengi wakasubiri, kwa sababu hoteli iliwaambia mtaitwa. Ikafika Desemba 2020, kidogo watu wa Nairobi wakaja kula Krismasi, wengine wakaitwa kwa nusu mshahara. Halafu tarehe 26 Machi 2021 rais akafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, wiki moja na siku kidogo kabla ya Pasaka. Bukingi zote za Pasaka zikaanguka jioni moja, na hao waliokuwa wameitwa wakarudishwa nyumbani tena. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021.

Na sheria ya ajira inakupa miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Mitatu tu, basi. Sasa mtu wa likizo isiyo na mwisho, kazi yake iliisha lini? Siku ya barua? Siku alipoona mtu mwingine amevaa sare yake? Siku hoteli ilipobadilisha jina na mmiliki? Anayehesabu kutoka Aprili 2020, muda uliisha Aprili 2023, na wengi bado walikuwa wanaamini wataitwa. Bosi aliyeandika kufutwa waziwazi alijipatia kesi na malipo, aliyeandika mpaka hali itakapotengemaa alijipatia muda. Wakili yeyote wa leba Mombasa atakueleza habari za wateja waliofika ofisini wakiwa wamechelewa. Kama kuna kitu cha kurekebisha kesho asubuhi bila bajeti yoyote ni hiki: likizo bila malipo iandikwe kwenye sheria, iwe na ukomo, tuseme miezi mitatu, ikipita hapo bila mshahara mfanyakazi ahesabiwe amepunguzwa na kifungu cha 40 kianze kufanya kazi chenyewe.

Watalii wamerudi. 2024 walifika karibu milioni 2.4, wamepita hata 2019. Ukienda Diani mwezi wa nane hupati chumba kirahisi. Lakini waulize wahudumu walirudi vipi. Ninaowajua mimi, waliokuwa wa kudumu wengi wamerudi kwa mkataba wa miezi, au kupitia wakala ambaye ndiye bosi kwenye karatasi huku hoteli ikisema hawa sio wetu. Miaka yao 9 ya nyuma imefutika, wameanza moja. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wana makubaliano ya pamoja na waajiri wa hoteli, makubaliano mazuri, yana mpaka marupurupu ya nyumba, ila yanamshika mwanachama aliye kwenye orodha ya hoteli, wa wakala anateleza. Kwa hiyo sekta imepona ukiangalia vitanda, na haijapona ukiangalia mikataba. Mimi naangalia mikataba.

Na hapa ndipo inaponiuma zaidi. Tangu janga liishe hatujakosa makato. Chukua yule yule wa 20,000. Kabla, NSSF ilikuwa 200 na NHIF, ile bima ya afya ya zamani, 750. Sasa NSSF ni asilimia 6, hiyo ni 1,200. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 300. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, asilimia 2.75, ni 550. Jumla 2,050 kila mwezi, na bosi analipa NSSF na ushuru wa nyumba kwa kiasi hicho hicho upande wake. Sisemi yote ni mabaya. NSSF ya shilingi 200 ilikuwa aibu, mtu anastaafu na pesa ya pikipiki. Lakini angalia kila moja inamlinda nani na lini. NSSF, ukizeeka. SHIF, ukiugua. Nyumba, siku moja ukipangiwa. Hakuna hata moja inayokushika siku geti linafungwa ukiwa na miaka 38, mzima wa afya, na kodi ya nyumba tarehe 5. Tumetoka kwenye janga ambalo lilitufundisha hasa hasa hatari hii moja, tukatunga makato ya hatari nyingine zote.

Asilimia 1 ya mfanyakazi na 1 ya bosi, kama Afrika Kusini, kwa mtu wa 20,000 ni 200 na 200. Au basi isiongezwe, itolewe ndani ya ile 1.5 ya nyumba, mimi nitaikubali bila kusita. Ukilipa theluthi kwa miezi 6 kama Tanzania, yule mtu angepata kama 6,660 kwa mwezi, karibu 40,000 jumla. Haimtoshi, lakini inalipa chumba kimoja Kisauni na unga, na mtu aliye na chumba na unga anaweza kukataa kuweka sahihi kwenye barua mbaya.

Ila mfuko huo ukija, kwa Pwani kuna kitu kimoja lazima kikae sawa la sivyo utawaacha nje wale wale. Hoteli za huku zinaenda kwa msimu, Julai na Agosti, halafu Desemba mpaka Pasaka, na masika yakianza watu wengi wanakatwa mpaka msimu mwingine. Mtu anafanya kazi miezi minane, anakaa minne, miaka na miaka, hoteli ile ile. Sheria ikisema lazima uwe umechangia miezi 18 mfululizo, huyu hatafika 18 maisha yake yote. Ikisema miezi 18 ya kujumlisha, msimu wa tatu tayari amevuka. Neno moja tu ndani ya mswada, na ndilo ambalo KUDHEIHA na COTU wanatakiwa kwenda nalo bungeni kabla rasimu ya kwanza haijachapishwa, kwa sababu ikishapita watu wa msimu hakuna atakayerudi kuwafungulia.